Mita Iseme Mara Ngapi?

Kila chombo cha kupimia kina kazi mbili, nasi aghalabu huikumbuka moja tu. Kazi ya kwanza ni kupima. Kazi ya pili ni kusema kile kilichopimwa. Mita ya umeme hupima bila kupumzika, usiku na mchana, maadamu kuna taa inayowaka au jokofu linalonguruma. Lakini haisemi bila kupumzika. Husema kwa vipindi: zamani mara moja kwa mwezi, baadaye kila mwenye nyumba alipoitazama, na siku hizi, kwa vile vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye swichi kubwa na kuunganishwa na simu ya mkononi, hata kila baada ya sekunde moja. Namna ya kupima ni kazi ya fundi. Kipindi cha kusema ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu huwa na historia yake, na huwa na anayenufaika na anayeumia.

Hapa Engutoto, katika Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru, nimesikia vijana wakibishana juu ya vifaa hivyo. Mmoja husema aweke sekunde kumi, mwingine dakika moja, wa tatu husema kadiri kinavyosema mara nyingi ndivyo kilivyo bora. Wao wanaliona kuwa swali la ufundi. Mimi nadhani ni swali la zamani, ambalo limeulizwa tangu mita ya kwanza ilipofungwa ukutani, na kila zama imelijibu kwa namna yake. Kwa hiyo naona inafaa tuyapitie majibu hayo, moja baada ya jingine, kabla hatujajibu letu.

Thomas Edison alipoanza kuuza umeme mjini New York mwaka 1882, hakuwa na mita ya namba kama tunazozijua. Mita yake ilikuwa chupa yenye maji ya dawa na vipande vya bati la zinki ndani yake. Sehemu ndogo ya umeme wa nyumba ilipitishwa humo, nayo ikawa inahamisha zinki kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Kila mwezi mtu wa kampuni alikuja, akavitoa vipande, akavipeleka ofisini na kuvipima kwenye mizani. Tofauti ya uzito ndiyo iliyokuwa deni. Mwenye nyumba hakuweza kuisoma mita yake mwenyewe hata kidogo. Mita ilikuwa nyumbani kwake, lakini ilikuwa ikisema na ofisi tu, tena kwa lugha ya mizani.

Mwaka 1889 Ottó Bláthy, mhandisi wa Budapest, alipata hati ya ubunifu wa mita ya namna nyingine, ile yenye sahani ya chuma chepesi inayozunguka polepole nyuma ya kioo. Kila mzunguko ni kiasi fulani cha umeme, na mizunguko hiyo husukuma namba mbele. Haba na haba hujaza kibaba. Watu wa umri wangu wanaikumbuka sahani hiyo vizuri, pamoja na alama nyeusi iliyokuwa ikipita na kurudi. Ukiwasha pasi inakimbia, ukizima inatambaa. Hapa ndipo mwenye nyumba alipopewa nafasi ya kusikia kile mita inachosema. Hata hivyo mwezi ulibaki kuwa mwezi, kwa sababu mwezi haukutokana na umeme. Ulitokana na mshahara, na kodi ya nyumba, na nguvu za miguu ya msoma mita. Mtu mmoja hawezi kuzunguka mitaa yote kila siku. Tangu mwanzo, basi, kipindi cha kusema kiliamuliwa na gharama ya safari.

Umeme uliingia katika nchi yetu mwaka 1908, pale Dar es Salaam, wakati wa utawala wa Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulisimamiwa na idara ya serikali ya Waingereza, na mwaka 1931 ukakabidhiwa kwa makampuni mawili ya watu binafsi, moja la Dar es Salaam na wilaya yake, jingine la sehemu nyingine za Tanganyika. Mwaka 1964 serikali ilinunua hisa katika makampuni hayo, na kufikia mwaka 1968 jina lililobaki lilikuwa lile tunalolijua leo, TANESCO, Shirika la Umeme Tanzania. Katika miaka yote hiyo, iwe kampuni ya mkoloni au shirika la umma, utaratibu ulikuwa ule ule: msoma mita huja na daftari, huandika namba, ofisi hutoa namba ya mwezi uliopita, na ankara hutumwa.

Utaratibu huo ulikuwa na uzuri wake. Ulimpa mwananchi umeme kwanza na kumdai baadaye, na mtu asiye na fedha katikati ya mwezi hakulala gizani. Lakini ulikuwa na kasoro kubwa mbili. Ya kwanza ni kwamba habari ilifika ikiwa imekwisha kuwa historia. Ankara iliposema kwamba mwezi uliopita mlitumia umeme mwingi, hakuna aliyekumbuka ni siku gani na kwa sababu gani. Baba alimlaumu mama, mama aliwalaumu watoto, na watoto walilaumu mita. Ya pili ni kwamba msoma mita alipokuta geti limefungwa na mbwa yuko nje, namba haikupatikana, na pale ambapo namba haikupatikana iliandikwa ya kukadiria. Mahali popote duniani palipotumika mita za kusomwa kwa miguu, makadirio yamekuwa chanzo cha ugomvi kati ya mteja na ofisi, kwa kuwa kila upande unaamini kwamba umeonewa na hakuna wenye ushahidi wa siku kwa siku.

Linganisha hali hiyo na kituo cha kupozea umeme cha Njiro, ambacho hakiko mbali nasi hapa. Pale huingia njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Singida na Babati, na nyingine ya kilovolti 132 kutoka upande wa Kilimanjaro. Katika vituo vya namna hiyo, tangu enzi za karatasi na kalamu, wenye zamu waliandika vipimo saa kwa saa, kwa sababu kila saa kulikuwa na jambo la kuamua: njia hii inazidiwa, transfoma ile inapata joto, sehemu fulani ipunguziwe mzigo. Nyumbani tulisomwa mara moja kwa mwezi kwa sababu ofisi ilikuwa na uamuzi mmoja tu juu yetu kila mwezi, yaani tudaiwe kiasi gani. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana ndilo kiini cha makala yangu. Kipindi cha kusoma hufuata kipindi cha kuamua. Anayeamua kila saa asome kila saa. Anayeamua kila mwezi, mwezi unamtosha.

Katika miaka ya 1990 yalikuja mapinduzi ambayo, kwa maoni yangu, hayajapewa uzito unaostahili katika maandishi yetu. Ilikuja LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Wengi waliieleza kama njia ya kuzuia madeni, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini ilikuwa pia mageuzi ya mazungumzo. Mita ya zamani ilisema na ofisi, mwenye nyumba akasikiliza kwa mbali. Mita ya LUKU haikusema na ofisi kabisa. Ofisi ndiyo iliyosema nayo, kwa namba 20 zilizochapwa kwenye stakabadhi, na mjumbe alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, aliyezibeba namba hizo kutoka dukani na kuzibonyeza kwa kidole. Baada ya hapo mita ilisema na watu wa nyumbani tu, ikiwaonyesha yuniti zilizobaki.

Matokeo yake yalionekana upesi. Neno «yuniti», ambalo zamani lilikuwa la mafundi, likawa neno la jikoni. Akina mama walijua pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula yuniti moja, na hita ya kuogea ya wati 5,000 inaimaliza yuniti hiyo kwa dakika 12, jambo ambalo si dogo katika baridi ya Arusha ya mwezi Juni na Julai. Watoto walitumwa: «Nenda ukaangalie zimebaki ngapi.» Hakuna ofisi iliyopanga kipindi cha kusoma. Nyumba yenyewe ndiyo iliyopanga. Zikiwa nyingi, mita hutazamwa mara moja kwa wiki. Zikikaribia kwisha, hutazamwa kila jioni. Zikibaki mbili, hutazamwa kila saa. Wataalamu wa vifaa vya kisasa wanautafuta utaratibu huo kwa hesabu ngumu, nao ulikuwa umekwisha kubuniwa na familia za Kitanzania: soma mara chache mambo yakiwa shwari, soma mara nyingi hatari ikikaribia.

Bei nayo ilifundisha. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa yuniti, bila kodi, na akivuka hapo kila yuniti ya ziada ilikuwa shilingi 350. Kwa nyumba ya namna hiyo kulikuwa na uamuzi wa kila siku, kwani 75 ukizigawa kwa siku 30 unapata mbili na nusu. Mwenye kuiangalia mita kila jioni aliweza kujua kama ameivuka mbili na nusu yake na kujirekebisha kesho yake. Mwenye kuiangalia mwisho wa mwezi alikuta maji yamekwisha kumwagika. Na mwenye kuiangalia kila dakika hakupata faida yoyote zaidi ya yule wa jioni, isipokuwa uchovu.

Liko jambo jingine katika LUKU linaloonyesha kwamba uchaguzi wa kipindi, hata ukifanywa kimya kimya na watu wasioonekana, huja kudai malipo yake. Kila tokeni ya LUKU ndani yake ina alama ya wakati ilipotolewa, ili isitumiwe mara mbili. Kanuni hiyo ya tokeni ilitungwa Afrika Kusini na kuenea duniani. Waliitunga wakaamua kwamba wakati uhesabiwe kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi waliyoiweka kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka 2024 wateja wa LUKU nchini walipokea namba za ziada pamoja na tokeni zao, wakatakiwa waziingize kwanza, ili mita ianze hesabu mpya. Mita ambayo haikuingiziwa namba hizo ingekataa tokeni zote zilizofuata. Kama wabunifu wale wangechagua sekunde badala ya dakika, nafasi ile ile ingekwisha katika muda wa siku 194. Kama wangechagua saa, ingedumu zaidi ya miaka 1,900. Namba ya nafasi ni ile ile. Kilichotofautiana ni kipindi.

Ukimya wa LUKU kwa ofisi nao ulikuwa na hasara zake. Ofisi haikujua mita ipi imechezewa, wala nyumba ipi haina umeme, mpaka mtu apige simu. Na njia ile moja ya kununulia ilipoziba, nyumba zote ziliumia kwa pamoja, kama ilivyotokea Mei 2021 mfumo wa kuuza tokeni ulipokwama kwa siku kadhaa, watu wana fedha mkononi na giza nyumbani. Kwa hiyo si ajabu kwamba shirika limeanza kufunga mita janja, yaani mita zinazowasiliana na ofisi zenyewe bila msoma mita na bila vidole vya mwenye nyumba. Wateja wakubwa, kama viwanda, ndio waliotangulia kusomwa kwa mbali. Na kando ya mita ya shirika, wenye nyumba wameanza kununua vile vifaa vyao wenyewe nilivyovitaja, vinavyobana waya kama kibanio cha nguo na kupeleka habari kwenye simu. Safari ya msoma mita sasa haina gharama ya miguu. Hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu, kwa sababu kile kilichokuwa kikituamulia kipindi, yaani gharama ya safari, kimeondoka.

Hata hivyo gharama haijaondoka yote. Kifaa kinachosema kila sekunde kinatoa ripoti 86,400 kwa siku. Cha kila sekunde kumi kinatoa 8,640. Cha kila dakika, 1,440. Cha kila robo saa, 96. Kama kinatumia betri, kila ripoti inaila. Nchini Uingereza, kwa mfano, kioo cha nyumbani cha mita janja huonyesha umeme mpya karibu kila sekunde kumi, lakini gesi kila nusu saa tu, kwa sababu mita ya gesi inaishi kwa betri. Kama kinatumia mtandao wa simu, kila ripoti inakula bando. Na kama vifaa ni vingi katika nyumba moja, vikisema vyote kwa pamoja hakuna kinachosikika, sawa na kikao kisicho na mwenyekiti.

Faida nayo ina mpaka. Ripoti ya kila dakika itakuonyesha birika la umeme lilipowashwa. Ripoti ya kila saa haitaonyesha birika, maana dakika zake tano zimechanganywa na hamsini na tano nyingine, lakini itakuonyesha kwamba asubuhi yenu ni ghali kuliko jioni. Ripoti ya siku haitakuonyesha asubuhi wala jioni, lakini itakuambia kama fedha zitafika mwisho wa mwezi. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine; kila moja inajibu swali lake.

Mafundi wa vifaa hivyo wamepata njia ya kati, na naona njia hiyo inaeleweka vizuri kwa mfano wa mlinzi wa usiku. Mlinzi mwema hupewa maagizo matatu. La kwanza: hata kama hakuna lolote, kila baada ya saa moja piga filimbi, tujue hujalala. La pili: ukiona mtu anaruka ukuta, usingoje saa ifike, piga kelele hapo hapo. La tatu: usipige kelele kwa kila paka anayepita, maana utatukesha bure. Kifaa nacho hupangiwa hivyo hivyo: muda mrefu kabisa ambao hakitakiwi kuuzidi bila kusema, kiasi cha badiliko kinachostahili kusemwa mara moja, na muda mfupi kabisa ambao lazima upite kati ya ripoti na ripoti. Anayepanga maagizo hayo matatu kwa busara hupata habari zote anazozihitaji kwa ripoti chache. Anayeweka sekunde moja na kuondoka ameajiri mlinzi anayepiga kelele usiku kucha, na baada ya siku mbili hakuna anayemsikiliza tena.

Mpaka hapa nimezungumzia gharama ya betri, bando na masikio. Iko gharama nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1989 George Hart, aliyefanya utafiti katika chuo cha MIT huko Marekani, aliandika makala ya kuonya. Yeye mwenyewe alikuwa amebuni njia ya kutambua vyombo vya nyumbani kwa kuangalia waya mkuu tu, bila kuingia ndani, kwa vile kila chombo kina namna yake ya kuvuta umeme. Aliona upesi kwamba njia hiyo hiyo inaweza kumfichulia mtu wa nje maisha ya watu waliomo ndani. Mwaka 2011 watafiti wa Münster, Ujerumani, walipima nyumba kwa mita iliyosema kila baada ya sekunde mbili, wakaonyesha kwamba inawezekana kutambua hata filamu iliyokuwa ikitazamwa, kwa kuwa mwanga wa televisheni hupanda na kushuka, na umeme hufuata. Uholanzi, mwaka 2009, baraza la juu la Bunge lilikataa sheria ya kumlazimisha kila mwenye nyumba kupokea mita janja, na hoja kubwa ilikuwa hiyo; sheria iliyopita mwaka 2011 ilimpa mwananchi haki ya kukataa. Uingereza mpango wao ulimpa mwenye nyumba uchaguzi wa mita yake kupeleka habari kwa kampuni kila nusu saa, kila siku au kila mwezi.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Ulaya, ambako kila nyumba ina ukuta wake na siri zake. Mimi nasema kwetu ni zaidi, kwa sababu wengi wetu tunaishi katika nyumba za vyumba vya kupanga, mita moja, milango mingi. Katika mtaa wetu mama mmoja mwenye nyumba ana wapangaji wanne uani. Kwa miaka walichangia LUKU sawasawa, na kila mwezi kulikuwa na maneno: fulani ana jiko la umeme, fulani anapiga pasi za biashara, fulani hayupo wiki nzima na bado analipa. Mtoto wa yule mama, kijana hodari, akafunga kifaa chenye kibanio kwa kila njia ya chumba, akakipangia kiseme kila sekunde tano kwenye simu yake. Nia yake ilikuwa njema. Lakini haukupita mwezi, mpangaji mmoja, muuguzi wa zamu za usiku, akatoa taarifa ya kuhama. Niliitwa katika kikao kwa ajili ya umri wangu tu.

«Shikamoo mzee,» alisema yule dada, «mimi sina neno na kulipa. Lakini juzi kaka huyu ameniuliza mbona nimepika saa tisa za usiku. Amejuaje? Nikirudi anajua, nikiamka anajua, nisipolala kwangu anajua. Mimi nimepanga chumba, sikupanga mtu wa kuniangalia.»

Kijana alijibu kwa adabu kwamba alikuwa anatafuta haki, kila mtu alipe chake, na kwamba bila namba ugomvi ungerudi. Wote wawili walikuwa na hoja. Nilimwomba atuonyeshe jumla za siku kwa kila chumba, si vile vilima na mabonde vya sekunde tano. Akatuonyesha. Tukakuta mlaji mkubwa hakuwa mwenye jiko wala mwenye pasi. Alikuwa jokofu la zamani la mama mwenye nyumba mwenyewe, lililokuwa likinguruma mchana na usiku kwa sababu mpira wa mlango umekwisha. Jambo hilo lilionekana katika jumla ya siku moja. Sekunde tano hazikuongeza chochote katika haki iliyotafutwa. Zilichoongeza ni habari za saa za kulala na kuamka za mtu mzima anayejitegemea.

Tulikubaliana hivi. Kifaa kitoe jumla moja kwa kila chumba, saa 12 jioni. Kila Jumapili jumla za wiki ziandikwe katika daftari linaloning'inizwa koridoni, kila mtu ajisomee. Kiseme nje ya saa hiyo kwa jambo moja tu, yaani njia ikivuta umeme kupita kiasi ambacho waya wake unaweza kubeba, maana hapo kuna hatari ya moto. Na kumbukumbu za sekunde zilizokwisha kukusanywa zifutwe mbele ya wote. Mpira wa jokofu ulibadilishwa wiki ile ile. Yule dada hakuhama.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ni kweli, na historia yote niliyoieleza ni historia ya daftari hilo: lilipokuwa la ofisi, likaja likawa la nyumba, na sasa linakwenda tena nje ya nyumba kwa njia ya hewani. Lakini daftari ni kitu kinachofunguliwa kwa wakati wake na kufungwa. Kisichofungwa kamwe si daftari tena.

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Naona msingi huo unatosha kabisa kwa mita zinazokuja. Shirika likitaka kujua nyumba ipi haina umeme, mita na iseme papo hapo umeme unapokatika. Likitaka kuijua saa ambayo mji mzima unatumia zaidi, ripoti za kila saa za transfoma ya mtaa zitalitosha. Likitaka kulipwa, jumla inatosha. Nasi majumbani, kabla ya kubonyeza namba ya sekunde au ya dakika, tujiulize tutaamua nini kati ya ripoti hii na inayofuata. Tusipokuwa na la kuamua, hiyo ripoti haina kazi nyumbani mwetu, na afadhali mita ikae kimya ikiendelea kupima.